Chupa Mbili za Vifungo

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Kaka yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na wifi yangu, na hao watoto wawili ambao nasikia wamerefuka mpaka wanagonga mlango kwa kichwa, na shangazi yao hawamkumbuki hata sura. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na kazi ya mabomba inakwenda. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Magoti yake yana siku zao nzuri na siku zao mbaya, lakini mdomo wake hauna siku ya mapumziko. Juzi kagombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo, na kashinda. Mimi pia sijambo. Nalisema hili mapema kwa sababu najua ukiona bahasha nene kutoka kwangu moyo utakwenda mbio. Hakuna aliyekufa na hakuna aliyelazwa. Kaa chini, mimina chai, usome polepole.

Najua tumezoeana kwa simu za dakika mbili: Mama hajambo, watoto hawajambo, haya baadaye. Tangu tumzike Baba, miezi kumi na minne sasa, mimi na wewe hatujazungumza jambo lenye uzito. Ninayotaka kukueleza leo hayasemeki kwa simu, maana mimi nikianza kulia siachi, na wewe nikianza kulia unakata. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kasuku nikiwa bado natambaa, basi leo vumilia maneno ya kasuku.

Nataka nianze na habari za mwanamke mmoja. Wewe umemwona mara moja tu, siku ile mbaya, na sidhani kama ulimtazama. Unajua mimi ni karani wa masjala katika kliniki ya ini. Masjala yetu iko ghorofa ya pili, na chini yetu, chumba cha pili kutoka kwenye lifti, yuko mama anayepiga picha za tumbo, kwa ile mashine inayopakwa mafuta mazito kama gundi. Wote wanamwita Mama Picha, hata mkuu wa idara. Ni mwenyeji halisi wa hapa, babu wa babu yake alizaliwa hapa, na amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Nilipoanza kazi nilikuwa namwogopa kuliko daktari yeyote. Anaigombeza mashine yake, anawagombeza madaktari wenye mwandiko mbaya, anamgombeza mgonjwa anayepumua kabla ya kuambiwa apumue. Lakini kabla ya mgonjwa kulala kitandani, yeye huwa ameshaikumbatia chupa ya yale mafuta kwapani kwa dakika tano nzima, ili yasiwe baridi. Anasema mgonjwa amekuja na baridi yake ya kutosha, hahitaji kuongezewa.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana hukuwahi kuniuliza. Kuna kirusi cha homa ya ini ambacho mtu anaweza kukaa nacho miaka thelathini bila kukohoa. Anakula, analala, anafanya kazi, kumbe mwenzake kalala ndani. Kwa baadhi ya watu, siku moja ini linaota uvimbe wa saratani. Hauulizi kama unakunywa pombe au hunywi. Ndiyo maana wote wenye kirusi hicho wanapaswa kuja kupigwa picha kila baada ya miezi sita. Uvimbe ukikutwa mdogo, madaktari wanakata kipande au wanauchoma kwa sindano, na mtu anarudi kazini. Ukikutwa mkubwa, anapewa dawa ya maumivu na maneno ya upole. Kati ya hao wawili, kilichowatenganisha ni picha moja tu iliyopigwa mapema au isiyopigwa.

Sasa, Mama Picha ana macho ya kuona yaliyomo ndani ya mtu, lakini ana macho mengine pia. Aligundua kwamba watu wetu, sisi ambao mpaka leo tunaitwa wageni ingawa mimi na wewe tumezaliwa katika mji huuhuu, tukiingia chumbani kwake kwa mara ya kwanza, mara nyingi tunaingia na uvimbe mkubwa. Wenyeji wanaingia na uvimbe mdogo. Alilisema jambo hilo kwenye korido, watu wakamwambia ni bahati mbaya tu, au macho yake yamechoka. Kumwambia Mama Picha macho yake yamechoka ni kujitafutia balaa.

Mama yake alikuwa mshonaji, akamwachia kopo zima la vifungo vya kila namna. Basi akaleta chupa mbili za kioo, zile zilizokuwa na kahawa, akaziweka kwenye rafu nyuma ya pazia. Kila akikuta uvimbe mpya, anaupima kwenye kioo cha mashine, kisha jioni anachagua kifungo kinachokaribia ukubwa ule na kukitia chupani. Kwenye fomu yetu kuna kisanduku cha asili ya mgonjwa. Mwenyeji anakwenda chupa ya kulia, mgeni chupa ya kushoto. Hakuandika jina la mtu yeyote. Uvimbe mdogo, kifungo cha shati. Wa kati, kifungo cha suruali. Mkubwa, kifungo cha koti la baridi. Na ule ulioshinda vifungo vyote duniani, alitia kifuniko cha chupa ya dawa. Miaka miwili alifanya hivyo, kimya kimya, na mimi nikipita mle kuchukua mafaili nilidhani ni mapambo ya mwanamke mpweke.

Mwaka huu, mwezi wa pili, kulikuwa na kikao cha wakuu wa vitengo, nami nilikuwa naandika kumbukumbu. Mama Picha hana cheo cha kuingia kikao kile. Aliingia. Alikuwa na mfuko wa plastiki mkononi, akaomba ruhusa ya dakika moja, na kabla hajapewa akamwaga chupa ya kulia upande mmoja wa meza na ya kushoto upande wa pili. Kaka, laiti ungekuwepo. Upande wa wenyeji ulijaa vifungo vyeupe vya shati, vidogo vidogo, na vikubwa vichache hapa na pale. Upande wetu ulijaa vifungo vya koti na vifuniko, na vya shati nikavihesabu mwenyewe: vinne. Aliwaeleza kila kifungo ni mtu na ukubwa wake ni nini. Kisha akasema hana elimu ya takwimu, lakini ni mtoto wa mshonaji, na vifungo namna ile havishonwi kwenye nguo moja. Mkuu wa fedha alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe na hakukigusa tena.

Mkuu wetu wa idara si mtu mbaya. Alishika tama, kisha akajibu kwamba jambo hilo linamsikitisha lakini linajulikana: wale watu hawaji. Wanapigiwa simu, wanakataa. Mafaili yanaonyesha hivyo. Aliposema mafaili, akanigeukia mimi nithibitishe, maana mimi ndiye mwenye mafaili, na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Nilikubali, Kaka. Nilikuwa nawaonea haya watu wetu. Nilisema moyoni, si ndiyo hao, wakaidi kama baba yangu.

Mama Picha hakubishana. Alivizoa vifungo vyake kimoja kimoja, mpaka kile kilichokuwa kimebingirika chini ya kiti cha mkuu wa fedha, akatoka. Kesho yake saa kumi jioni akaja masjala akiwa na viatu vya kutembelea, akaniagiza nitoe kadi zote zilizogongwa muhuri mwekundu wa AMEKATAA. Zilikuwa hamsini na tatu. Arobaini na nne zilikuwa za watu wetu. Akaniuliza kama najua mitaa ile. Nikamwambia nimezaliwa huko. Akasema vizuri, basi vua hivyo viatu vyenye kisigino, twende tukawasikie wakikataa.

Tulitembea wiki tatu, kila jioni baada ya kazi. Na ule umri wake alikuwa ananitangulia ngazi, mimi nyuma nahema. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee anayechunga geti la machinjio. Mama Picha alijitambulisha, akamwuliza kwa adabu kwa nini alikataa kuja kupigwa picha. Yule mzee alitutolea macho, akauliza amekataa lini na nani kamwuliza. Nyumba ya pili, dada wawili wanaofanya kazi kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki, walisema hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo. Ya nne kulikuwa na mwanamke aliyekasirika kweli, akatuambia tusimsingizie mbele ya mumewe. Kufika nyumba ya kumi nilikuwa siwezi tena kumtazama Mama Picha usoni.

Ilivyokuwa ni hivi. Dada wa simu wa kliniki yetu anapiga simu kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, kwa sababu ndiyo saa yake ya kazi. Watu wetu saa hizo wako viwandani, kwenye machinjio, kwenye dobi kubwa, na simu zao zimefungiwa kwenye makabati mpaka kengele ya jioni. Wengine hawakuwa na simu zao walipojiandikisha, waliacha namba ya ofisi ya msimamizi, na msimamizi gani atashuka ngazi kumwita mpiga pasi? Simu isipopokelewa, dada wa simu anaweka alama ya mkasi kwenye kadi. Mikasi mitatu ikitimia, kadi inakwenda kwenye trei. Na kwenye fomu, mahali pa jibu, kulikuwa na visanduku viwili tu: amekubali, amekataa. Asiyepatikana hakuwekewa mahali pa kukaa. Basi anagongwa muhuri, na haitwi tena. Mwenyeji anayefanya kazi ofisini, simu ikiwa mezani pake, anapokea mlio wa pili.

Katika wale arobaini na nne, tuliwapata thelathini na sita. Waliokataa kweli walikuwa wawili, na mmoja wao alikataa kwa kuwa alidhani ni kliniki ya walevi, akaogopa majirani. Mama Picha aliketi naye sebuleni akamweleza kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuonja tone na anapigwa picha kila mwaka. Sijui kama ni kweli. Yule bwana alikuja.

Nitakupa habari ya mmoja tu. Yule mwanamke aliyekasirika, mama wa mapacha, alikuja Jumamosi ya kwanza ambayo Mama Picha aliilazimisha idara kufungua chumba. Alikutwa na uvimbe wa sentimita moja nukta nane. Kifungo cha shati, Kaka. Wakamkata, akalala hospitali siku sita, na mwezi uliopita nimemwona sokoni akipigana vikumbo na watu kama kawaida yake. Alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Siku hiyo nilimwendea Mama Picha nikamwambia yeye ni mtu wa ajabu, na akanijibu niache kumpaka mafuta, nikamletee faili la mgonjwa anayengoja.

Muhuri ule sasa umefungiwa kabatini kwa mkuu. Simu zinapigwa jioni, kuanzia saa kumi na mbili, na Jumamosi chumba kiko wazi tangu asubuhi. Yeye aliyebakiza mwaka na nusu apumzike ndiye aliyejitolea kuzifanya hizo Jumamosi. Siwezi kukueleza ninavyompenda yule mama. Namtazama akiinama juu ya mtu ambaye hata lugha ya nyumbani kwake haijui, anamshika bega, anamwambia vuta pumzi, shikilia, achia, kana kwamba ni mtoto wake wa kwanza.

Sasa, Kaka, nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mstari wa kwanza.

Unaikumbuka siku ile. Mimi na Mama tulikuwa tumekaa kwenye benchi la korido, wewe ulikuwa ndani na Baba. Daktari akasema angekuja miaka miwili nyuma wangemkata kipande na angeishi, lakini faili linaonyesha alikataa kuja. Ukamgeukia Baba ukamwuliza kama ni kweli. Na Baba akajibu ndiyo, nilikataa. Ulitoka ukiwa umebadilika sura. Mwaka mzima wa ugonjwa hukumsamehe. Kaburini ulisema mbele ya watu kwamba mtu aliyekataa kuishi asililiwe, na kesho yake ukapanda gari ukaenda zako. Mimi nilikuunga mkono kimoyomoyo. Nilimlilia na kumkasirikia kwa pamoja, kwamba alikuwa na kirusi kile miaka yote, tangu walipompima damu kazini, na alikificha kwa aibu, mtu ambaye hajawahi kuvaa miwani hata siku ya harusi yake, asije akadhaniwa mlevi. Kisha akaitwa, akakataa.

Jioni ya kuhesabu kadi zile ningeweza kuitafuta ya kwake. Sikuitafuta. Za marehemu huwa zinahamishiwa kwenye sanduku la chini, na kila siku nilipotoka kwenye nyumba za watu wasiokataa nililipita sanduku lile nikijitia hamnazo. Wiki ya tatu nilipiga moyo konde nikaivuta. Kadi ina namba tu kwa juu. Jina liko ndani. Nikafungua. Namba ya simu ilikuwa ya ofisi ya msimamizi wa dobi. Mikasi mitatu: Jumatatu saa nne, Jumatano saa tatu na nusu, Jumatatu saa tano. Halafu muhuri mwekundu. Na chini ya muhuri, sahihi.

Sahihi ni yangu, Kaka.

Kazi ya kugonga muhuri ule ilikuwa yangu, kila Ijumaa, tangu mwaka nilioajiriwa. Trei inakuja na kadi ishirini, thelathini, mimi nagonga na kusaini, nagonga na kusaini, huku naongea na mwenzangu. Sikuwa nafungua ndani. Nilikuwa najisifu kwamba hakuna karani anayeimaliza trei haraka kama mimi. Baba yetu alipita mikononi mwangu siku ya Ijumaa, nikamfungia mlango kwa mkono wangu, nikaenda nyumbani nikala naye chakula cha jioni.

Nilishuka chini kwa Mama Picha. Nilimwonyesha kadi. Nilidhani atapigwa na mshangao. Hakushangaa. Alifunga mlango, akanikalisha kwenye kile kitanda, na akaniambia alikuwa anajua tangu siku ile ya Baba.

Anasema Baba alipomaliza kupigwa picha aliketi akijifuta tumbo kwa karatasi. Hakumwuliza ameona nini. Alikuwa ameshausoma uso wake. Kadi ilikuwa wazi mezani, na Baba akauliza ile alama nyekundu ni ya nini. Mama Picha akamsomea, akamwuliza kwa nini alikataa. Baba akasema hajawahi kuulizwa na mtu. Mama Picha akapandwa na hasira palepale, akamwambia basi ni kosa la ofisi, aende kwa daktari alalamike, yeye atakuwa shahidi. Baba akauliza sahihi ile ni ya nani. Akamjibu, bila kujua anazungumza na nani, kwamba ni ya yule binti wa masjala juu, wa asili yenu, mwenye sauti ya kusikika mpaka huku chini.

Baba akacheka kidogo, akasema ana sauti kubwa tangu alipozaliwa. Akauliza kama mtu anayekosea hivyo anamwaga unga. Mama Picha akasema huenda, mgonjwa akilalamika. Basi Baba akafunga vifungo vya shati lake mpaka juu, kama kawaida yake, akamwambia: mama, mimi nilikataa. Atakayeuliza, nilikataa. Akamwapisha asiniambie, na Mama Picha akala kiapo, na akakishika mpaka nilipoishusha kadi mwenyewe.

Aliniambia amekaa chumba kile miaka thelathini na moja. Ameona wanaume wakilia, wakiitukana mashine, wakimwahidi Mungu mambo. Hajaona mwingine ambaye, dakika ileile aliyojua anakufa, anaulizia kazi ya mtu mwingine. Akasema ndiyo siku aliyojua muhuri ule unasema uongo. Kabla ya hapo alikuwa na vifungo tu, hakujua sababu. Mimi nilikuwa nimemsifia yeye wiki tatu nzima, kumbe yeye alikuwa anamsifia Baba.

Kwa hiyo Baba hakukataa, Kaka. Alitaka kuishi. Alikuwa akipiga pasi mashuka ya watu, simu ikilia juu kwenye ofisi ya msimamizi. Akachukua hasira yako yote mwaka mzima na hakuomba hata nusu ya neno la kujitetea, maana kila neno lingenifikia mimi. Wewe ulimkosea kwa kutokujua. Mimi nilimkosea kwa kutokufungua kadi. Nimekwenda kwa mkuu wa idara nikamweleza lote. Amenipa barua ya onyo, na Mama Picha akamwambia mbele yangu atoe na nyingine kwa aliyetunga fomu yenye visanduku viwili. Mama nimemwambia mwezi uliopita. Aliniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo analipiga pasi lile shati la kijivu la Baba kila Ijumaa, na sijathubutu kumwuliza kwa nini.

Kuna jambo la mwisho. Tumepima damu. Mama hana kirusi. Mimi ninacho, kimelala, na picha yangu ni safi. Nitarudi baada ya miezi sita na kila miezi sita mpaka nizeeke. Wewe hujapima. Tumelelewa nyumba moja, tumekwaruzana na kung'atana tukiwa wadogo, na wewe una miaka minane kunizidi. Na watoto wapimwe pia. Kama hawana, kuna chanjo. Sikuandiki kwenye orodha ya kupigiwa simu. Nakuandikia kwa mkono wangu: Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, saa mbili kamili asubuhi, chumba cha pili kutoka kwenye lifti. Usile kitu tangu ulale. Mama Picha nimemweleza una ulimi mkali, akasema atakukomesha.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Najua una maneno ya kuniambia, na yote ni haki yako. Yalete, nitayasikia mpaka la mwisho. Kisha tutatoka pale, mimi na wewe, twende kwa Baba, tukasimame pamoja.

Nisalimie wifi yangu, mwambie nimeona picha ya mapazia yake mapya na nimeyaonea wivu. Wabusu watoto. Mama anasema usafiri mchana, si kwa magari ya alfajiri, na uvae kitu cha mgongo.

Kunigombeza utanigombeza, Kaka. Lakini kwanza lala kwenye kile kitanda, uvute pumzi.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku.